Kupiga Picha za Watu Wakicheza Harusini Wakati Mwanga ni Hafifu

SOMO LA ROBO HII

Vikundi vingi vya vijana katika parokia zetu vimeanzisha miradi ya kupiga picha ili kujiongezea kipato. Ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara na ndoa havikosekani, na kamera haisubiri mvua kama shamba. Hata hivyo kamati nyingi hukutana na swali moja: kwa nini picha za kanisani zinatoka nzuri, halafu zile za ukumbini, siku hiyo hiyo na kwa kamera hiyo hiyo, zinatoka hazifai? Somo hili linajaribu kulijibu. Limeandikwa kwa ajili ya vijana wanaoshika kamera, lakini pia kwa wanakamati wanaosimamia mradi na wahisani wanaonunua vifaa, kwa sababu nusu ya tatizo haiko mikononi mwa mpiga picha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2011 nilipiga picha za harusi ya mpwa wangu, mtoto wa dada. Ibada ilikuwa saa nane mchana, madirisha ya kanisa ni makubwa, sikupata shida yoyote. Usiku tukahamia ukumbini. Ndafu ikaletwa, ikakatwa, watu wakala, kisha taa kubwa zikazimwa zikabaki zile za rangi. Msema chochote akawaita wazee waje kufungua muziki pamoja na maharusi. Mama mkubwa, ambaye alikuwa amepita miaka themanini na ambaye kwa muda mrefu tulizoea kumwona amekaa, akaegemeza fimbo yake kwenye kiti akasimama. Ulikuwa wimbo wa dansi wa ujana wake. Akacheza karibu dakika mbili, kanga begani, wanawake wakimzunguka kwa vigelegele.

Nilipiga picha 14. Katika 13 hakuna uso: kuna doa jeupe la kitambaa cha kichwani na mistari ya mikono. Wapiga picha husema “picha imecheza”, na kweli zilicheza kuliko yeye. Ile ya 14 imetulia, ila inaonyesha mgongo wake. Kabla ya Pasaka iliyofuata tulimzika. Mpwa wangu alipokuja kutafuta picha ya shangazi yetu sote huyu akicheza, maana familia haikuwa na nyingine, aliziangalia zote kwenye kompyuta, akarudia tena kuziangalia, akaniuliza, “Mjomba, hakuna hata moja?” Ile ya mgongo ndiyo aliyoichukua.

Kwa nini picha hucheza

Kamera inakusanya mwanga kama sisi tunavyokinga maji bombani. Bomba likiwa na nguvu, ndoo inajaa mara moja. Bomba likiwa linatiririka kidogo, unaacha ndoo hapo muda mrefu zaidi. Mlango mdogo ndani ya kamera, unaoitwa shata, ndio unaofunguka kuruhusu mwanga na kufunga tena. Mchana nje shata inaweza kufunguka kwa 1/1000 ya sekunde tu. Ukumbini penye giza, kamera ikiachiwa ijiamulie, inaweza kuiacha wazi kwa 1/15 ya sekunde. Kwetu sisi huo ni muda mfupi. Kwa mtu anayecheza ni mrefu sana: mkono unaokwenda mita 2 kwa sekunde unasogea sentimita 13 kabla shata haijafunga. Ndiyo ile mistari niliyoipata mimi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuinyang'anya kamera uamuzi huo. Weka kasi ya shata wewe mwenyewe. Kwa maharusi wanaoingia taratibu, 1/125 inatosha. Kwa kwaito, mduara na sebene, anza na 1/250. Chini ya 1/60 bila flashi, usitegemee kupata uso wa mtu anayecheza, hata kama mikono yako imetulia kama jiwe. Wengi hudhani stendi ya miguu mitatu itawasaidia. Stendi inazuia kamera isitikisike. Mama anayecheza haizuii.

Ukifupisha muda, ndoo haijai. Zipo njia mbili za kufidia kabla ya kufikiria flashi. Ya kwanza ni upana wa tundu la lenzi. Tundu hupimwa kwa namba, na namba hizo zinachanganya kwa sababu ndogo ndiyo pana: 1.8 ni tundu pana, 5.6 ni jembamba. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, kwa kawaida hufikia 5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 isiyovuta, yenye tundu la 1.8, inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya hiyo. Tuseme ukumbi una mwanga ambao kwa tundu la 2 unakuruhusu shata ya 1/125. Ukumbi huo huo, kwa tundu la 5.6, utakulazimisha ushuke hadi 1/15. Mpiga picha ni yule yule na kamera ni ile ile, ila mmoja anarudi na picha na mwingine anarudi na mistari.

Hapa naomba wahisani wetu wanisikilize kidogo. Mara nyingi kikundi hupewa kamera kubwa ya kupendeza ikiwa na lenzi yake ya dukani, na fedha zinaishia hapo. Ingekuwa heri kamera ya kawaida, hata iliyotumika, pamoja na lenzi hiyo ya 50 ambayo huwa miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa kwa kampuni nyingi, flashi moja inayogeuza kichwa, betri za kuchaji seti mbili na kadi mbili za kuhifadhia picha. Kamera mpya haitoi kitu gizani kama lenzi yake ni nyembamba.

Lenzi yenye tundu pana ina gharama yake. Ukifungua hadi 2 ukiwa umbali wa mita 3, eneo linaloonekana kali ni kama sentimita 30 tu, shibiri moja na nusu hivi, kwa kamera za ukubwa wa kawaida. Bwana harusi akirudi nyuma hatua moja ameshatoka kwenye ukali. Kwa hiyo elekeza kamera kwenye jicho la karibu au, giza likizidi, kwenye kitu chenye ukingo unaoonekana kama shingo ya shati jeupe na tai. Kitambaa cheusi kitupu hakishikiki. Kamera itahangaika mbele na nyuma huku wimbo unaisha.

Njia ya pili ni ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga mdogo ilioupata. Ni kama kuongeza sauti ya redio wakati kituo kiko mbali: sauti inapanda na mikwaruzo inapanda pia. Kwenye picha mikwaruzo hiyo huitwa chenga. Vijana wengi wamefundishwa kuogopa chenga, wakabaki ISO 400 ukumbini. Huko ni kuogopa kitu kisichostahili. Kamera za miaka ya karibuni huvumilia ISO 3200 na hata 6400, na picha ikisafishwa kwa ukubwa wa kawaida wa albamu chenga nyingi hazionekani. Picha yenye chenga mteja ataipokea. Picha iliyocheza hataipokea, na hakuna programu ya kompyuta itakayomrudishia uso wa mama yake kama ulivyokuwa.

Wanaotumia simu wajue jambo moja. Ile hali ya usiku iliyoko kwenye simu nyingi za leo hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Kwa jengo au mlima inapendeza sana. Kwa mtu anayecheza inaleta mizimu. Izime, sogea karibu badala ya kuvuta kwa vidole, na usubiri mchezaji apite kwenye taa.

Flashi, dari na jasho

Flashi ni msaada mkubwa kwa sababu mwanga wake ni wa kitambo kifupi mno, 1/1000 ya sekunde au pungufu zaidi ya hapo ikiwa haijatumia nguvu zote. Mkono unaocheza unaganda. Lakini flashi ikitazama moja kwa moja usoni inaharibu mambo matatu kwa mpigo: nyuso zinakuwa bapa, jasho la wachezaji linageuka madoa meupe kwenye paji la uso, na ukumbi uliopambwa kwa kazi ya siku mbili unakuwa pango jeusi. Sababu ya pango hilo ni kwamba mwanga hupungua haraka kwa umbali. Aliye mita 4 kutoka kwenye flashi anapata robo tu ya mwanga anaopata aliye mita 2. Waliokaa nyuma hawapati kitu.

Dawa yake ni kugeuza kichwa cha flashi kielekee dari nyeupe, au ukuta mweupe ulioko kando. Mwanga unarudi ukiwa umetawanyika, unashuka juu ya watu kama wa dirishani. Jasho halichomi tena. Angalia rangi ya dari kwanza: dari ya kijani inarudisha nyuso za kijani, na mapambo ya vitambaa vya zambarau yanafanya vivyo hivyo.

Tatizo letu ni kwamba kumbi nyingi za parokia hazina dari. Juu ni kenchi na mabati, na mwanga wa flashi unapotelea huko. Ukikutana na ukumbi wa namna hiyo, geukia ukuta wa kando ikiwa uko karibu nao. La sivyo mwombe mwenzako asimame na shuka jeupe au ubao mweupe mita moja kutoka kwako, uipige flashi hapo. Kikundi chenye flashi mbili kinaweza kuweka ya pili kwenye stendi kwenye kona ya ukumbi, ikiwashwa kwa kifaa kidogo cha redio kinachokaa juu ya kamera. Ifungeni stendi kwa mfuko wa mchanga. Watoto wanaokimbiakimbia harusini hawaoni stendi.

Ili ukumbi usipotee gizani, usitumie shata ya haraka mno pamoja na flashi. Anza na tundu la 4, ISO 1600 na shata ya 1/60. Flashi itagandisha watu, na shata iliyo taratibu itakusanya taa za ukumbi ziwe nyuma yao. Ukitaka kuonyesha mwendo, shuka hadi 1/20 na uchague flashi iwake mwishoni mwa shata badala ya mwanzoni. Mistari ya mwendo itafuata nyuma ya mchezaji na uso utabaki umeganda mbele. Usipeleke mteja picha hizo nyingi. Mbili au tatu kwenye albamu zinatosha. Upande wa juu pia kuna mpaka: kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita 1/200 au 1/250, na ukizidisha utaona mkanda mweusi chini au juu ya picha. Aidha, ISO ikipanda kutoka 400 hadi 1600, flashi inahitaji robo tu ya nguvu. Betri zitadumu hadi keki, hata jenereta ikigoma.

Wakati mwendo ni wa kasi na kamera haishiki ukali, ipo mbinu ya zamani ambayo bado inafaa. Weka lenzi kwenye milimita 18, tundu la 4, elekeza ukali kwenye kitu kilicho mita 2.5, kisha zima ukali wa kujiendesha. Kila kilichoko kati ya mita 1.6 na mita 6 hivi kitaonekana vizuri vya kutosha. Sasa ingia kwenye mduara, flashi juu, ukicheza nao kidogo.

Nyuso zetu na gauni jeupe

Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa kati, kama kijivu. Gauni la bibi harusi likijaa kwenye picha, kamera inaona mwanga ni mwingi na inatia giza. Gauni linakuwa la kijivu na uso wake haueleweki. Bwana harusi wa suti nyeusi akisimama mbele ya pazia jeusi, kamera inafanya kinyume na kuunguza uso. Kwa hiyo pima kwa uso, si kwa nguo. Piga moja, iangalie, ongeza au punguza, kisha usibadilishe hadi taa zibadilike.

Tujue pia kwamba vifaa hivi havikutengenezwa vikiwa na sisi akilini. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Kilichoonekana sahihi kwake ndicho kilichohesabiwa sahihi kwa wote. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado ngozi nyeusi huonekana vizuri pale mwanga unapotoka kando na kuchora mashavu, si pale unapopigwa usoni kwa nguvu. Msifanye weupe nyuso za watu kwenye kompyuta mkidhani mnawapendezesha. Mwenye uso wake anajua alivyo.

Mwalimu mmoja wa kuangalia

Atakayetaka kuona kazi hii ikifanywa kwa ustadi atafute picha za Malick Sidibé wa Mali, aliyefariki mwaka 2016. Miaka ya 1960, nchi ikiwa imepata uhuru juzi, vijana wa Bamako walikuwa wakifanya dansi za mwisho wa wiki, naye akizunguka na kamera ndogo na flashi kutoka dansi moja hadi nyingine usiku mmoja. Alirudi studio kusafisha, akabandika picha ndogondogo kwenye makaratasi, na siku zilizofuata vijana wakaja kujitafuta na kuagiza. Hiyo ni biashara ambayo kikundi chochote cha parokia kinaweza kuielewa: wateja wake walikuwa walewale waliocheza.

Picha yake inayojulikana kuliko zote ni ya mwaka 1963, ya mkesha wa Noeli. Kijana wa suti nyeupe na msichana asiye na viatu wanacheza uani, vichwa vimekaribiana, macho yao yako miguuni. Kwa maelezo ya Sidibé ni kaka na dada yake. Angalia alichokifanya: hakupiga katikati ya mruko. Alisubiri pale mwili unapotua. Katika kila mchezo kuna nukta ambayo mtu husimama kidogo, juu ya mruko, mwisho wa mzunguko, magoti yanapokunjwa mduara ukibadili upande. Anayejua wimbo anaijua nukta hiyo kabla haijafika. Ndiyo maana nashauri mpiga picha wa kikundi awe mtu anayependa kucheza. Mwaka 2003 Sidibé alipata tuzo ya Hasselblad, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Studio yake ilibaki ile ile ya mtaani.

Wajibu wa kamati

Mengi ya haya yanamalizwa kabla ya harusi, kwenye kikao. Msimamizi wa mradi aonane na kamati ya harusi, msema chochote na anayepiga muziki, aombe jambo dogo: wakati wa kufungua muziki, na wazee wanapoitwa, taa mbili nyeupe za kando zibaki zinawaka. Dakika tano zinatosha, kisha wazime wakipenda. Taa za zambarau na bluu zinapendeza kwa macho lakini kwenye kamera zinafuta uso wote ukawa rangi moja. Sijawahi kuona bwana harusi akikataa ombi hili akielezwa sababu. Wanaokataa ni wapiga muziki, na hao huzungumzika mapema, si saa nne usiku.

Parokia zenye ukumbi wao zitazame taa zenyewe. Umeme wetu hufanya taa za mirija, na zile za LED za bei ya chini, zififie na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona: picha moja inatoka angavu na inayofuata ina giza au mistari. Ukiona hivyo na hutumii flashi, rudi kwenye 1/100. Mkikarabati ukumbi, paka ukuta mmoja mweupe usiong'aa. Rangi nyeupe haigharimu zaidi ya ile ya pinki.

Kisha suala la ruhusa. Watu wakicheza hujisahau, na mpiga picha yuko pale kwa niaba yao, hayuko pale kuwavizia. Usipige kutoka chini mwanamke anayezunguka. Kwenye kitchen party na ngoma za wanawake peke yao apelekwe binti wa kikundi, na picha zikabidhiwe kwa mwenye shughuli bila kupitia simu za wengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kamati isitume picha za harusi ya watu kwenye kundi la WhatsApp wala kwenye ripoti ya mhisani kabla ya maharusi kukubali kwa maandishi. Nanyi wahisani, mnapoomba “picha zenye furaha” kwa ajili ya kalenda, ombeni pamoja na ruhusa hiyo.

Zoezi

Chagueni jioni ya mazoezi ya kwaya, baada ya wanakwaya kumaliza. Waombeni wabaki nusu saa wacheze nyimbo tatu za harusi. Wimbo wa kwanza taa zote ziwake, wa pili nusu, wa tatu ibaki moja ya mlangoni. Kila kijana apige kwa 1/15, kisha 1/60, kisha 1/250, bila flashi, akifungua tundu na kupandisha ISO kadiri inavyohitajika. Wimbo wa tatu urudiwe kwa flashi ikielekezwa juu, halafu ukutani. Andikeni namba kwenye daftari.

Msihukumu kwenye kioo kidogo cha kamera, kwa sababu hapo kila picha inaonekana kali. Safisheni kumi kwa ukubwa wa kadi, mzipange mezani baada ya misa ya pili, na muwaache wanakwaya wachague ambazo wangezilipia. Zile wasizozigusa zirudi kwenye daftari, mkaangalie zilipigwa kwa namba gani.